Shajara ya mradi: kitako kipya cha bunduki ya nyati, Lubumbashi

Shajara hii naiandika kwa ajili ya maseremala wenzangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ambao huletewa bunduki ya uwindaji yenye kitako kilichopasuka, yaani mbao yote inayobeba mtutu na vyuma vingine, na kuombwa waitie gundi tu. Bunduki ni ya mzee mmoja mwenye kibali cha silaha pamoja na kile cha uwindaji kinachodaiwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982. Inatumia risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912, na mtambo wake, yaani mwili wa chuma ulio nyuma ya mtutu ambamo risasi huingizwa na kufyatuliwa, ni Mauser wa muundo wa 1898. Kwa kawaida kichwa cha risasi hiyo huwa na uzito wa gramu 19 na kitu, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde. Wakati huohuo bunduki ya kilo 4 na ushei inarudi nyuma kwa mwendo wa mita 5 hivi kwa sekunde, na kabla bega halijasikia lolote, mbao imekwisha kubeba yote.

Kuhusu usalama, utaratibu ulikuwa mmoja tangu siku ya kwanza: risasi haikuingia karakanani hata moja, bolti (komeo la chuma linalofunga risasi ndani ya mtambo) ilibaki nyumbani kwa mzee, na mtutu na mtambo vililetwa naye na kurudi naye kila tulipohitaji kupima.

13 Mei 2023: uchunguzi wa mpasuko

Ufa ulianza nyuma ya mkia wa mtambo, pale kitako kinapokuwa chembamba ili mkono ukishike, yaani shingoni, ukateremka kwa mshazari hadi karibu na kifyatuo. Aliyeutengeneza kabla yangu aliujaza gundi nyeupe ya maseremala na kupitisha skrubu mbili za mbao, nazo zimetanua ufa badala ya kuubana.

Hata hivyo shingo haikuwa chanzo. Tulipoutoa mtambo, nilikwenda moja kwa moja kwenye nundu ya chuma iliyo chini yake, upande wa mbele, kwa kuwa nundu hiyo ndiyo iliyowekwa ili isukume mbao bunduki inapopiga teke. Uso wa mbao unaopaswa kuipokea ulikuwa na alama inayong'aa kwenye kona moja tu, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kwingine kote mbao ilikuwa kavu na haijawahi kuguswa. Kwa hiyo kila risasi ilipotoka, kona ile ilibonyea kidogo, mtambo ukateleza nyuma, na mkia wake ukaingia kwenye shingo kama kabari inavyoingia kwenye gogo.

Bunduki za .375 zina udhaifu mwingine ambao fundi aliyezoea bunduki ndogo hawezi kuutarajia. Risasi hii ina urefu wa milimita 91 na zaidi, kwa hiyo sanduku la risasi ndani ya mtambo wa Mauser wa kawaida hurefushwa kwenda mbele ili liweze kuipokea. Matokeo yake, ukuta wa mbao unaobaki kati ya tundu la nundu na sanduku la risasi ni mwembamba sana, na ndio huohuo unaotakiwa kubeba msukumo wote. Kwenye kitako hiki ukuta ulikuwa na ufa mdogo usioonekana mpaka upakwe asetoni, kwa sababu asetoni hukauka haraka juu ya mbao nzima lakini hubaki kama mstari mweusi ndani ya ufa. Njia hiyo ya kuchunguza ni ya bei nafuu na ninaipendekeza kwa kila atakayeletewa kazi ya namna hii.

3 Juni: kuunga kitako cha zamani, na kwa nini hakikuungika

Mzee alipenda kitako chake kibaki. "Fundi, hiki nimekishika tangu ujana," alisema, na ombi kama hilo halikataliwi kabla ya kujaribu.

Tatizo la kwanza lilikuwa mafuta. Kwa miaka mingi mafuta ya kusafishia chuma yalikuwa yakiteremka kutoka kwenye mtambo na kuzama kwenye shingo, na hakuna gundi inayoshika mbao iliyolowa mafuta. Nilinunua pemba, ule udongo mweupe unaouzwa katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nikausaga laini, nikauchanganya na asetoni hadi ukawa uji mzito, kisha nikaupaka juu ya ufa na kuuacha ukauke. Pemba ilinyonya mafuta ikageuka rangi ya kahawa. Nilikwangua na kurudia mpaka ikabaki nyeupe. Sehemu hii ya kazi ilifaulu kabisa, na anayetengeneza samani za zamani ataifaidi vilevile. Kazi ya asetoni ifanyiwe nje, mbali na moto.

Kisha nilipenyeza gundi ya epoksi ndani ya ufa, nikafunga shingo kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe, nikaiacha hadi ikawa ngumu. Kwa jicho na kwa mkono kitako kilikuwa kizima. Tulikijaribu shambani kwa mzee, bunduki ikiwa imefungwa ndani ya tairi kuukuu na kifyatuo kikivutwa kwa kamba kutoka mbali. Kiungo cha epoksi hakikuachia, lakini mbao ilipasuka upya pembeni mwake, na ukuta mwembamba ulio nyuma ya nundu ukakatika kabisa.

Jibu lilikuwa wazi: mbao iliyolowa mafuta muda mrefu imelainika, na gundi iliyo imara kuliko mbao yenyewe huhamisha mpasuko tu. Kitako cha zamani kimehifadhiwa kama kielelezo cha kunakilia umbo.

24 Juni: kutafuta mbao

Vitako vingi vya bunduki za namna hii hutengenezwa kwa mti wa jozi, ambao hapa Katanga hauoti. Nilichagua mulombwa, ambao kwa Kiswahili cha mashariki huitwa mninga. Uzito wake unakaribia ule wa jozi, takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hausinyai wala kujipinda sana majira yanapobadilika. Lubumbashi jambo hilo lina uzito, kwa sababu kati ya ukavu wa Septemba na mvua za Januari mbao hupitia hali mbili zilizo mbali sana.

Ubao wa kwanza, ulionunuliwa kwa muuzaji aliyeapa kwamba umekauka, ulifeli. Niliupima kwenye mizani na kuandika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Kila nilipoupima tena ulikuwa umepungua, maana yake maji yalikuwa bado yanatoka. Hewa kavu ya Juni ilipoukaza, miisho yake ilipasuka hadi ndani, ingawa ilikuwa imezibwa kwa nta. Ubao unaopungua uzito usichongwe; ungoje mpaka namba ya penseli isibadilike.

Wa pili ulipatikana mahali pengine kabisa. Karakana ya zamani ya Kampemba ilikuwa ikibomolewa, na meza yake ya kazi ilikuwa ya mulombwa mnene wa sentimita 6, uliokauka chini ya paa kwa miongo mingi. Kutoka kwenye meza hiyo tulikata kipande cha sentimita 90 kwa 18. Mbao kuukuu huficha misumari, na msumari mmoja uliovunjikia ndani hauonekani mpaka umekula ulimi wa randa. Pitisha sumaku ya spika pande zote kabla ya kugusa chombo chochote. Kuna faida nyingine pia. Kwa uamuzi wa mwaka 2022 miti ya jamii hii barani Afrika imewekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa kwa sababu ya ukataji uliopita kiasi, hasa ule wa mukula, ndugu yake mwekundu, ambao sote tuliona malori yake. Kutumia tena mbao iliyokwisha kukatwa ni jambo ninalolitilia maanani.

Kuhusu nyuzi: zichorwe kwa penseli pande zote mbili za ubao kabla ya kulaza kielelezo. Kwenye shingo lazima zifuate urefu wa kitako bila kutokea pembeni, hata kama hilo linamaanisha kupoteza kipande chenye mapambo mazuri zaidi. Mulombwa una nyuzi zinazogeukana, kwa hiyo nilikizungusha kielelezo mara nyingi kabla ya kuridhika.

15 Julai: kuchonga makao ya mtambo

Kukata umbo la nje kwa msumeno na kupiga randa hakuna jipya. Kazi yenyewe iko ndani, na inafanywa kwa masizi. Unashikilia chuma juu ya moshi wa kibatari hadi kipakwe weusi mwembamba, unakiteremsha ndani ya mbao bila kukilazimisha, unakitoa, kisha unachonga kwa patasi kali pale tu palipoachwa doa jeusi. Mwanzoni madoa ni mawili au matatu. Kadiri unavyoendelea yanaongezeka na kuwa madogo, na siku yanapotapakaa chini yote ya mtambo kama ngozi ya chui ndipo chuma kimekaa.

Vumbi la mulombwa linawasha pua na ngozi, na kwa wengine huleta pumu, kwa hiyo funga kitambaa chenye maji puani na ufagie kwa kulowesha.

Hapa pametokea jambo linaloweza kumpata yeyote. Mauser wa 1898 ana bomba dogo la chuma linalozunguka skrubu ya nyuma, ambalo kazi yake ni kuzuia mbao isibonyezwe skrubu inapokazwa. Bomba letu lilikuwa refu kidogo kuliko unene wa mbao mpya, kwa hiyo skrubu ilipokazwa mtambo ulikalia bomba na kuning'inia juu ya mbao kwa upande wa nyuma. Masizi hayakuonyesha kasoro hiyo, kwa kuwa wakati wa kupima skrubu zilikuwa hazijakazwa. Iliyoionyesha ni saa ya kupimia, ile wanayotumia mafundi wa mashine: ukiiegemeza kwenye mtutu na kulegeza skrubu ya nyuma, sindano isitikisike ikiwa mtambo umekaa bila kupindwa. Yetu iliruka. Bomba lilipigwa tupa kidogo kidogo hadi sindano ikatulia.

29 Julai: epoksi na baridi

Hata ukichonga vizuri namna gani, uso wa mbao unaopokea nundu ya bunduki kubwa unastahili kuwekewa epoksi iliyochanganywa na nyuzi za kioo zilizokatwa fupi, ili nundu iguse upana wote kwa pamoja. Uso wa nyuma wa nundu peke yake ndio unaotakiwa kugusa. Uso wa mbele, pande zote mbili na chini nilivifunika kwa utepe wa fundi umeme, ili utepe ukiondolewa nafasi ibaki. Nundu ikibanwa pande zote, mtambo hautatoka bila kuvunja mbao, na hautarudi mahali pake palepale.

Kila panapoweza kuingia epoksi na kufunga chuma pazibwe: matundu ya skrubu nilijaza nta ya nyuki, na chuma chote nilikipaka dawa ya viatu isiyo na rangi, tabaka mbili zilizosuguliwa.

Mchanganyiko wa kwanza haukuwa mgumu. Tuliumimina jioni, na usiku wa Julai hapa kwetu joto hushuka hadi nyuzi 10 na chini yake. Asubuhi epoksi ilikuwa bado kama asali, na hata baada ya jua kupanda ilibaki kama mpira unaokubali ukucha. Kipimo cha sehemu mbili kilikuwa sahihi kwa mizani ya gramu, kwa hiyo baridi peke yake ndiyo iliyohusika. Epoksi yote ilikwanguliwa ikiwa bado laini na mbao ikasafishwa kwa asetoni. Hapo mulombwa ukaachia rangi yake nyekundu, ikatapakaa kwenye sehemu ambayo ingeonekana nje. Ilibidi kuondoa tabaka jembamba kwa kikwaruzo. Kwenye mulombwa asetoni ipakwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, isimwagwe.

Mara iliyofuata tulimimina saa tano asubuhi, vyuma vikiwa vimeanikwa juani, kisha kitako kikawekwa ndani ya sanduku la mbao lenye balbu ya zamani ya waya inayotoa joto. Umeme ulipokatika mchana, chupa za maji ya moto zilizofungwa nguo zilichukua nafasi ya balbu. Kesho yake mtambo ulitoka kwa mgongano mmoja wa nyundo ya mpira. Kulikuwa na tundu la hewa lenye ukubwa wa punje ya mchele juu ya uso wa nundu. Nililipanua kwa keekee na kulijaza. Tundu la hewa mahali pengine ungeweza kulisamehe, lakini juu ya uso huo ni mwanzo wa kona ileile iliyovunja kitako cha kwanza.

19 Agosti: vyuma vya kukatiza

Ukuta mwembamba kati ya tundu la nundu na sanduku la risasi unahitaji kubanwa ili usifunguke kama mlango. Tulipitisha chuma cha uzi (ufito wenye uzi kama wa skrubu) cha milimita 6 kwa kukatiza, nyuma tu ya nundu, na kingine nyuma ya sanduku la risasi, mbele ya kifyatuo. Fundi wa mashine wa Katuba alitengeneza vichwa vyake. Mzee alitaka viwe vya shaba nyekundu, kwa heshima ya mji wetu wa shaba. Nilimweleza kwamba shaba nyekundu ni laini na uzi wake ungeliwa, kwa hiyo chuma kilibaki ndani na juu yake tukaweka vifuniko vya mulombwa ambavyo nyuzi zake zinafuata za kitako. Ni vigumu kuviona.

Nyuma ya mkia wa mtambo niliacha nafasi ya karibu nusu milimita. Wengi huiona kama kazi mbovu na kuniuliza kwa nini nisiizibe. Ndiyo nafasi inayookoa shingo: nundu ikibeba mzigo wake wote, mkia hauna sababu ya kugusa mbao.

Mtutu nao unapita ndani ya mfereji wake bila kugusa kokote. Noti ya faranga 500 inapaswa kuteleza chini yake kutoka ncha ya mbele hadi karibu na mtambo bila kukwama.

9 Septemba: umbo na mafuta

Umbo lilinakiliwa kutoka kitako cha zamani, isipokuwa urefu kutoka kifyatuo hadi begani, ambao tuliupunguza hadi sentimita 34 kwa kuwa kitako cha kwanza kilikuwa kirefu mno kwa mikono ya mzee. Mpira wa begani wa zamani ulikuwa bado mzima, nao umerudishwa.

Msasa uliishia namba 400, mbao ikiwa inalowanishwa kila hatua ili nyuzi zisimame na kukatwa. Kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba kwa kiganja, na kufutwa yote yasiyoingia. Ndani ya makao ya mtambo na chini ya mpira wa begani nilipaka mara nyingi kuliko nje, maana maji huingilia pasipoonekana.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke, au vitumbukizwe kwenye ndoo ya maji. Karakana ya mbao haina nafasi ya pili katika jambo hili.

30 Septemba: majaribio

Tulirudi shambani kwa mzee, kwenye ukuta wa kichuguu kikubwa. Risasi za mwanzo zilipigwa ndani ya tairi kwa kamba, na baada ya kila moja mtambo ulitolewa na mbao kukaguliwa kwa asetoni. Ukuta ulikuwa mzima. Uso wa nundu ulipata mng'ao sawasawa toka ukingo hadi ukingo, na ile nusu milimita nyuma ya mkia haikupungua. Baadaye mzee mwenyewe akaiweka begani. Alipoishusha alisema tu, "Sasa inasukuma, haichomi." Urefu uliopunguzwa una mchango wake hapo.

Gharama, kwa atakayetaka kukadiria: ubao uliopasuka dola 15, kipande cha meza 40, maboksi mawili ya epoksi 44, moja likiwa limeishia kwenye kitako cha zamani na kwenye mchanganyiko ulioharibiwa na baridi, asetoni na pemba 5, chuma cha uzi na kazi ya fundi wa mashine 14, mafuta ya kitani na misasa 18, mafuta ya gari kwenda shambani 30. Jumla ni dola 166 bila ujira. Atakayeanza na mbao kavu na kumimina epoksi mchana ataokoa zaidi ya dola 30.

16 Desemba: baada ya mvua kuanza

Mzee aliileta bunduki kwa ukaguzi, mvua zikiwa zimekolea. Noti bado inapita chini ya mtutu, ila upande wa kulia karibu na ncha inapita kwa kukwaruza, maana mbao imevimba kidogo. Nimeukwangua mfereji upande huo na kuupaka mafuta tena. Sindano ya saa haikutikisika skrubu ya nyuma ilipolegezwa. Kipimo kinachofuata ni cha mwisho wa Machi, na kama mfereji utahitaji kuguswa tena, nitaandika hapa ni kwa kiasi gani.